Stima na Maji

"Hodi," ilisema sauti mlangoni, na Josephine akaitambua kabla hajainua kichwa.

Alikuwa na brashi mkononi, akitoa vumbi ndani ya kompyuta ya karani wa mizani ya malori. Changamwe vumbi halingoji kukaribishwa. Malori yanapita mlangoni tangu alfajiri, na kila kinachopumua kwa feni hulivuta ndani. Aliendelea kupiga brashi kana kwamba hakusikia. Hodi ya pili ilikuja chini zaidi. Ya tatu ilipobishwa, akasema, "Karibu," asiongeze neno.

Samah aliingia amekumbatia kitu kilichofungwa ndani ya mtandio. Upindo wa buibui lake ulikuwa umegeuka kijivu kwa njia ya Changamwe, na jasho lilimtiririka chini ya miwani. Akasimama katikati ya kibanda, akangoja shikamoo. Zamani shikamoo ya Josephine ilimpokea angali ngazini. Leo haikuja. Pwani kumnyima mtu mzima shikamoo ni kumtukana, na Josephine, binti ya Ziro, Mgiriama aliyelelewa akaleleka, alijua vizuri kwamba anatukana.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

"Mamako hajambo?"

"Yupo."

Samah akaweka mzigo wake mezani, akaufungua taratibu, na ndani ya mtandio ikatokea ile mashine nzito ya kijivu, kompyuta ya kupakata, yenye alama ya kuungua kwenye kona, pale Josephine alipowahi kuiangushia kijiti cha udi. Mkono wake ulitaka kuigusa. Akaushughulisha na brashi.

"Imechoka," alisema Samah. "Yajikokota, Josi. Waifungua asubuhi, hata chai yapoa haijaamka. Filamu ya nusu saa yanishinda kuikata siku nzima. Nina harusi Jumapili, watu wakubwa, na wataka kazi yao upesi. Nimekuya kwako uifagie, kama ulivyokuwa ukiifagia Alhamisi."

"Mafundi Likoni wamekwisha?"

"Wapo. Ni wanaume."

Hapo ndipo Josephine alipoweka brashi chini na kumtazama. Kwa hiyo hicho ndicho kilichomvusha feri, kikampandisha mpaka huku kwenye matangi ya mafuta na moshi wa malori. Si majuto.

Kazi ya Samah kule Timbwani, upande wa Likoni, ni filamu za kupamba, ule usiku wa wanawake ambapo bibi harusi hukaa kichwa wazi, kang'ara kwa dhahabu na hina, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Simu huachwa mlangoni ndani ya kikapu. Mpiga picha sharti awe mwanamke, na mkata filamu vilevile. Mashine ikiharibika, hata fundi wa kuifungua sharti awe mwanamke, kwa kuwa ndani yake mna nywele za binti za watu. Fundi wa namna hiyo ng'ambo ile alikuwa mmoja tu, na Samah ndiye aliyemfukuza.

Alimfukuza hivi. Katika kupamba moja ya nyumba kubwa, picha ilitoka. Bibi harusi, kichwa wazi na mabega wazi, akawa anapita kwenye simu za wanaume barazani kabla hajafika kwa mumewe. Mji ukachemka. Josephine, ambaye ndiye aliyempigia Samah picha, aliporudia filamu yake ya usiku ule wa balaa, alimwona aliyefanya hivyo: Hadeel, binti ya Samah, ameketi viti vya mbele pamoja na mawifi zake, anachomoa simu chini ya leso. Akamwita Samah, akamwonyesha. Samah alitazama mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Futa, mwanangu. Na ufagie. Haya ni ya nyumbani, nitayamaliza nyumbani."

Josephine akafuta, akafagia. Alimwamini kama mtu anavyomwamini mamake. Kesho yake wakubwa wa ile nyumba walipokuja kuuliza, Samah aliwatazama machoni akasema, "Kwangu hapana wa kufanya haya ila yule msichana wa watu." Mwenzetu hawezi, mgeni ndiye. Na ushahidi uliokuwapo, Josephine mwenyewe alikuwa ameufagia kwa mkono wake.

Akawa "yule wa picha". Mamake alikuwa akiuza mboga sokoni Likoni, wanawake wakawa wanapita meza yake kwa kuinamisha sauti. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mama akaacha soko. Josephine akahamia Changamwe kwa makarani wa malori na bohari za mafuta, watu wasiojali nani amemwona nani kichwa wazi, akakaa na kinyongo chake. Alikilea, na mtu asiseme eti muda huponya. Chake kilikuwa kikubwa kuliko siku kilipozaliwa.

Sasa akaivuta mashine, akaiwasha.

Ilichukua muda mrefu kuamka, na kila dakika iliyopita ilimpa raha. Alijua maradhi yake bila kupima. Hizi diski mpya zisizozunguka, ambazo mafundi huziita SSD, zina tabia yake. Ukifuta kitu, hakijaondoka. Ni kama nyumba ya kupangisha: umeng'oa jina la mpangaji mlangoni, lakini vyombo vyake vingali ndani. Akija mpangaji mpya, anasimama uani na mizigo yake mpaka chumba kitolewe vitu na kifagiwe. Nyumba ikijaa vyumba vya namna hiyo, kila mtu yuko uani, na mwenye mashine anasema imezeeka.

Diski yenyewe ina ufagio wake, unafagia kila kinachofutwa papo hapo. Josephine ndiye aliyeuzima. Samah alikuwa mwepesi wa kufuta, na mara mbili alifuta harusi za watu kabla hazijakabidhiwa, akalia. Josephine akazuia ufagio ule, ili kilichofutwa kwa bahati mbaya kipate kurudishwa. Halafu kila Alhamisi, baada ya kuhakikisha kila harusi iko mikononi mwa wenyewe, aliuachia ufagio ukapita, akauzuia tena. Aliacha pia sehemu ya diski tupu siku zote, vyumba vya akiba, hata Samah alipolalamika kwamba nafasi inapotea. Mashine ikaenda miaka kama imetoka dukani jana. Mwenyewe Samah akiwaambia watu, "Yangu haizeeki, ina baraka." Baraka zilikuwa za Alhamisi.

Tangu Josephine aondoke hapakuwa na Alhamisi. Mashine ilianza kuzeeka siku aliyofukuzwa, kidogo kidogo, pasi na yeye kuinua kidole.

"Imejaa pomoni," alisema.

"Asubuhi nimefuta mataka mengi nipate nafasi," alisema Samah. "Hata lile pipa nimelimwaga. Wapi. Fagia tu, mwanangu, nikimbilie feri."

Josephine alifungua programu yake ya kuangalia vilivyofutwa, kwa mazoea tu, maana hakuwahi kufagia kabla ya kuangalia. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Bei za Samaki. Mapishi ya Daku. Masomo ya Mtihani. Hayo yalikuwa majina ya uongo, naye ndiye aliyeyabuni. Folda za kupamba hazikuitwa kwa majina ya mabibi harusi, ili kaka au mume akifungua mashine asishawishike. Samah hakuwahi kuyashika kichwani. Aliuliza kila mara, "Josi, Bei za Samaki ni nani vile?"

Kisha likashuka jina moja, na Josephine akaisimamisha orodha.

Stima na Maji.

Ilikuwa kupamba ya Hadeel mwenyewe, kabla ya mambo yote. Na ndani ya filamu ile alikuwamo Bi Alawiya, mamake Samah, aliyefariki mwaka jana. Yule bibi hakuwa na picha duniani isipokuwa ya kitambulisho. Hakutaka. Lakini usiku wa mjukuu wake alisimama katikati ya wanawake, akashika pembe ya vugo, ile ngoma ya wanawake ya kupigia pembe harusini, na kijiti chake, akaimba nyimbo ambazo hata wazee wenzake walikuwa wameshazisahau, na akamruhusu Josephine ampige picha, mara moja katika maisha yake. Alitoa sharti. Nakala iwe moja, ikae kwa Samah, isitoke. "Nikifa, wanangu wanitazame," alisema. "Wangu mimi, si mji."

Na Samah, kwa kuwa hakumbuki majina, alikuwa amemtupa mamake pipani pamoja na mataka, na sasa anamwambia Josephine afagie.

Alitaka kutii. Jamani, alitaka sana. Hapakuwa na wa kumlaumu. Mteja ameagiza, fundi ametenda, tena kazi safi. Angebonyeza tu, na yule mwanamke angeondoka na mashine nyepesi akimshukuru. Lakini hilo ndilo lililomzuia. Angeondoka akishukuru. Kisasi asichokijua anayelipizwa ni chumvi iliyomwagwa baharini, na Josephine alikuwa amengoja mno kuimwaga yake bure.

Akakigeuza kioo.

"Hii unaikumbuka? Stima na Maji."

"Mataka hayo. Ankara za zamani."

"Kupamba ya Hadeel. Bibi na pembe yake."

Samah alikitazama kioo. Kisha akatafuta kigoda kwa mkono, kama mtu aliye gizani, akaketi.

"Haijaondoka," Josephine alisema. "Bado. Nilizuia ufagio kwa ajili ya siku kama hii. Naweza kumtoa Bibi mzima, na sauti yake. Lakini nikifagia, kama ulivyoniambia, hakuna fundi chini ya jua atakayemrudisha."

"Mtoe," Samah alisema. "Mtoe, mwanangu, nakuomba, wallahi nakupigia magoti."

"Kwanza nijibu. Kama mimi ndiye niliyetoa picha ya yule bibi harusi, mbona umeniletea mashine hii? Mna mabinti wa watu wangapi humu, kichwa wazi? Umewaleta kwa yule wa picha?"

Lori likapita likitikisa mabati.

"Mama yangu aliacha soko," Josephine alisema. "Hakuuza hata kishada cha mchicha. Ulijua. Nilikuonyesha nani kafanya, ukaniambia nifute, nikafuta. Sasa chukua simu. Fungua kundi lenu la akina mama, lile ulilotangazia jina langu. Sema kwa kinywa chako, hapa mbele yangu, kwamba ni Hadeel. Ukimaliza, nitamtoa Bibi."

Samah alitoa simu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Akalifungua kundi, akaweka kidole gumba pale pa kurekodi sauti. Josephine alikitazama kidole kile. Aliona kitu alichokiota miaka kiko umbali wa mkono, na mwanamke aliyemtupa atakitamka mwenyewe.

Kidole kikatoka.

"Yule bibi harusi ni wifi yake," Samah alisema polepole. "Dada wa mumewe, tumbo moja. Siku watakapojua, Hadeel hatalala tena kwa mumewe. Na ana mtoto sasa, Josi. Bado anyonya."

"Mimi nililala wapi?"

"Najua."

"Hujui."

"Najua nilichokufanyia. Kila Alhamisi nakijua." Alifunga simu, akairudisha mkobani. Akayatazama maneno yale matatu kwenye kioo, kama anayasoma zaidi ya yalivyoandikwa. Kisha akainuka. "Fagia."

Josephine alidhani hakusikia vizuri. "Umesemaje?"

"Nimesema fagia. Mamangu ashakufa, haumii tena. Hadeel yuko hai." Alijitanda upya mtandio uliokuwa umefunga mashine. "Nitaipitia kesho. Jumapili nina harusi."

Akatoka kwenye vumbi, mgongo umenyooka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Josephine alibaki akiyajua hayo bila kutaka kuyajua. Alikasirika mpaka akaona maji machoni. Alikuwa ameshika kisu kwenye mpini, na bado aliyekatwa ni yeye. Mara ya pili mama yule alikuwa amepima, binti yake upande mmoja na Josephine upande wa pili, na mara ya pili hakusita sana. Safari hii alikuwa ameongeza mamake mwenyewe kwenye mizani, na bado Josephine hakuwa na uzito wa kutosha.

Aliisogelea mashine, akaufungulia ufagio njia. Kilichobaki ni kubonyeza.

Hakubonyeza. Akavuta mtoto wa meza, akatoa diski yake ndogo ya nje, nayo SSD vilevile, akaichomeka. Kilichofutwa hurudishiwa mahali pengine, si palepale, la sivyo unamkanyaga unayemwokoa. Akaanza kumtoa Bi Alawiya. Ilikwenda polepole, na yeye akawa anamalizia kompyuta ya karani wa mizani, akiinua macho kila mara. Filamu ilipokwisha kutoka aliifungua ili ajue ni nzima, akakipa kioo kisogo ili asitazame. Kijiti kiligonga pembe, ko, ko, na sauti ya bibi ikainuka, kavu na tamu, ikimwita bibi harusi atoke ndani. Josephine aliisikiliza ikipanda mpaka vigelegele vilipoipokea. Akaifunga.

Kisha akafagia. Alifagia vizuri, kila chumba, akaacha akiba yake ya vyumba vitupu kama zamani, akauwasha ule ufagio wa papo kwa papo ili mashine isimtegemee mtu tena. Atakachofuta Samah kuanzia leo kitakwenda mara moja, na hakitarudi.

Kesho yake Samah alikuja kabla ya adhuhuri. Macho yake yalikuwa yamevimba. Josephine aliiwasha mashine mbele yake, nayo ikaamka papo hapo. Samah alifungua filamu moja, akaifunga, akafungua nyingine. Zilitii kabla kidole hakijatoka. Hakuonekana kufurahi.

"Imekwenda?" aliuliza, na hakuwa akiuliza habari ya mashine.

"Ulisema nifagie."

Samah aliitikia kwa kichwa. Aliweka kiganja juu ya mashine, palepale penye alama ya udi, akakiacha hapo. Machozi yalimshuka bila uso kubadilika. Josephine aliyatazama yakishuka, na alifurahi. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alifurahi kabisa, mpaka akaogopa furaha yake. Hakusema uongo hata neno moja, na mwanamke yule alikuwa anaondoka amemzika mamake mara mbili.

Alipofika mlangoni na mzigo wake, Josephine akasema, "Shikamoo, Mama Hadeel."

Samah hakugeuka. "Marahaba," alisema, akaenda zake.

Diski ndogo ilibaki katika mtoto wa meza, imefungwa kwa kitambaa. Josephine alijiambia ni kwa muda. Samah akisema kweli, atampelekea. Halafu akajiambia atampelekea hata asiposema, baada ya mfungo. Mfungo ukaja, ukapita na Idi yake. Mara nyingine ilimjia kwamba sasa kweli amekuwa yule wa picha, ana mwanamke wa watu ndani ya meza pasipo idhini ya mwenyewe, na kwamba wale wa sokoni walimsema mapema tu. Alilifukuza wazo hilo kwa kazi.

Lakini diski hizi hazina subira. Ukiziacha bila umeme hupoteza kumbukumbu chembe kwa chembe, na joto huziharakisha. Chini ya mabati ya Changamwe, kwenye joto la kaskazi, haikuwa kitu cha kuweka ukasahau. Kwa hiyo kila mwezi ulipoandama aliitoa, akaichomeka, akaiacha inywe umeme huku yeye akifanya kazi za watu. Hakuwahi kuifungua tena. Alitazama tu kitaa chake kidogo cha buluu kikipepesa, akajua Bibi bado yupo.

Cindy, msusi wa kibanda cha pili, alikuwa na wateja wa Likoni, na habari zilivuka pamoja nao. Walisema kazi za Samah siku hizi zatoka upesi ajabu. Walisema pia kwamba katika kila kupamba, kabla hajawasha kamera, huwaendea bibi wazee mmoja mmoja na kuwauliza kama kuna anayekumbuka vugo la mamake, lile la kumwita bibi harusi atoke ndani. Wanajaribu mwanzo wake, wanaukosa. Cindy alisimulia akicheka kidogo, kisha akaona uso wa Josephine, akaacha kucheka.

Mwezi ulipoandama tena, Josephine aliitoa diski kwenye kitambaa, akaichomeka. Alichukua brashi na kompyuta nyingine iliyojaa vumbi. Alifanya kazi kitambo ndipo alipojisikia anagonga meza kwa mpini wa brashi, ko, ko, na midomo yake inafuata maneno, ubeti wa kwanza wote, na wa pili wote.

"Hodi," mtu alisema nje. Lori lilikuwa likipita, sauti haikutambulika.

Josephine alinyamaza. Kitaa cha buluu kilikuwa kikipepesa juu ya meza. Akakifunika kwa kiganja, akasikia vuguvugu la diski, akangoja hodi ya pili.